Miwani ya Kusomea Haidekezi Macho

Mtu wa makamo anapoanza kuusogeza mbali msahafu au simu ili aweze kusoma, hakosi wa kumwonya asivae miwani mapema, eti itayadekeza macho. Onyo hilo silikubali, kwa kuwa halilingani kabisa na jinsi jicho linavyofanya kazi.

Tunapotazama mbali, msuli wa siliari ulioizunguka lenzi huwa umelegea, na nyuzi nyembamba zinazoishikilia lenzi hiyo hukazwa na kuivuta mpaka inakuwa bapa. Tunapotazama karibu, msuli hujikaza, duara lake hupungua, nyuzi hulegea, nayo lenzi hutuna kwa unyumbufu wake yenyewe na kupinda mwanga zaidi. Msuli hauiminyi lenzi, bali huiachilia tu, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Mwanasayansi Mwingereza Thomas Young alikwisha kuonyesha, katika kazi iliyochapishwa mwaka 1801, kwamba si konea, yaani utando angavu ulio mbele ya jicho, inayofanya marekebisho haya: alilizamisha jicho lake katika maji, ambayo huondoa karibu nguvu yote ya konea, na bado aliweza kubadili umbali wa kuona. Mwanasayansi Mjerumani Hermann von Helmholtz akaieleza kazi ya msuli na nyuzi mwaka 1855.

Basi kinachozeeka hasa ni lenzi, ambayo hupoteza unyumbufu tangu utotoni, kidogo kidogo, bila kujali kama mtu huvaa miwani au havai. Mtoto wa miaka 10 husoma maandishi yaliyo sentimita 7 au 8 tu kutoka jichoni, ilhali fundi cherehani wa miaka 50 hunyoosha mkono wote, hukunja uso, kisha humwita mjukuu amtungie uzi kwenye sindano. Mazoezi ya macho, ambayo siku hizi yanauzwa mitandaoni kwa bei za kushangaza, hayawezi kuilainisha lenzi iliyokwisha kukakamaa.

Hasara ya kungoja inapimika. Katika utafiti uliofanywa Assam, India, na kuchapishwa mwaka 2018, wachumaji chai wenye umri wa miaka 40 na zaidi waliopewa miwani ya karibu walipata tija iliyoongezeka kwa takriban asilimia 22 kuliko wenzao ambao hawakupewa. Kwa hiyo naona miwani hii ingeuzwa dukani pamoja na sindano na uzi, mradi mnunuzi apimwe pia presha ya macho, ugonjwa ambao miwani ya kusomea haiutibu wala haiufichui.