Geuza Gauni la Sikukuu Nje Ndani Kabla ya Kulipa

Idd au Krismasi ikikaribia, mafundi cherehani wa Dar es Salaam hawapatikani hata kwa kubembelezwa, na mzazi anayefika na gauni la mwanawe lililoachia zipu huambiwa arudi baada ya sikukuu. Wengi hushuka Kariakoo, wakajipenyeza katika msongamano wa Mtaa wa Kongo na kununua jingine. Maoni yangu ni kwamba nyingi ya nguo tunazozitupa kwa namna hiyo zina kasoro inayomalizwa kwa sindano ya mkono jioni moja, na kwamba wa kulaumiwa si mtoto aliyekua, bali ni sisi tunaonunua nguo kwa kutazama upande wa nje tu.

Mtoto aliyevuka miaka 2 na ambaye bado hajafikia balehe hurefuka kwa wastani wa sentimita 5 hadi 6 kwa mwaka, ilhali unene wa mwili wake huongezeka polepole zaidi. Gauni lililoachiwa upindo wa sentimita 6 lingeweza kuvaliwa hata sikukuu ya mwaka unaofuata, lakini nguo nyingi za madukani zimepindwa kama sentimita moja tu, zikapigwa ovaloki, basi, akiba hakuna. Ndiyo maana ninapochagua mitumba pale Mchikichini hugeuza nguo nje ndani kwanza, na ninapompelekea fundi kitambaa humwomba aniachie upindo mpana na mishono ya ubavuni yenye nafasi. Fundi huguna, hasa kitambaa kikiwa kidogo, lakini ni afadhali mguno wa leo kuliko gauni jipya mwakani.

Kuteremsha upindo ni kazi ya kufumua na kupinda upya. Kinachosumbua ni ule mstari wa zamani. Kama ni mkunjo tu, lowesha kitambaa safi kwa maji yenye siki kidogo, kikamue, kiweke juu ya mkunjo, kisha pitisha pasi ya moto wa wastani. Satini nyingi zinazouzwa mjini ni za poliesta, na zikiguswa na pasi kali bila kitambaa cha kukinga hupata mng'ao usioondoka. Rangi ikiwa imekwisha kupauka kwenye mstari, siki haisaidii. Hapo hushonewa utepe au lesi juu yake, na kwa kanzu ya mtoto mstari mmoja wa darizi hutosha.

Gauni likibana kifuani, wengi hukata tamaa mapema mno. Magauni ya aina hii huwa na mkumbuu mrefu wa kufunga fundo kubwa mgongoni, na mkumbuu huo ni kitambaa kilekile, cha rangi ileile. Kata vipande viwili vyembamba kutoka humo, fumua mishono ya ubavuni kuanzia kwapani hadi kiunoni, kisha pachika kipande kila upande. Piga bandi kwanza, yaani mishono mirefu ya muda, mvalishe mtoto, mwambie anyanyue mikono, ndipo ushone moja kwa moja kwa kurudisha sindano nyuma kila hatua ili mshono usiachie. Mabega na mikono ni habari nyingine. Hizo mwachie fundi.

Zipu nayo husingiziwa mengi. Ikifunga kisha meno yakaachana nyuma ya kichwa chake, mara nyingi meno ni mazima, ila kichwa ndicho kilichopanuka. Kishushe hadi chini, ukibane kwa koleo upande mmoja, kisha wa pili, kidogo kidogo huku ukijaribu, kwa kuwa kikibanwa kupita kiasi kinaweza kuvunjika. Iliyo ngumu tu husuguliwa kwa kipande cha mshumaa.

Kuna kasoro moja inayoudhi kuliko zote, nayo haionekani dukani: neti ya kutunisha gauni huunganishwa kiunoni bila kufunikwa, ikamkwaruza mtoto mpaka anavua nguo ukumbini kabla hata maharusi hawajaingia. Watu husema mtoto ana deko. Chukua utepe mlaini wa pamba, uzungushe juu ya mshono wote wa kiunoni kwa ndani, uushone kwenye bitana pekee ili nyuzi zisitokeze nje. Kwa joto la jiji hili, bitana ya pamba ni bora kuliko ya nailoni, japo wauzaji husifu ile inayoteleza.

Kwa vikorombwezo, natanguliza usalama kuliko urembo. Tai ya kipepeo yenye kamba ya kufunga shingoni huiondolea kamba hiyo na kuishonea kibanio cha kushika ukosi. Viwango vya Ulaya vya EN 14682 navyo vinakataza kamba za kuvuta shingoni kwenye nguo za watoto wadogo, na sioni sababu ya watoto wetu kuvumilia zaidi. Lastiki ya bendi ya nywele iliyolegea haifai kukazwa kwa fundo, kwa sababu fundo humuumiza kichwani. Fumua sehemu ndogo, vuta ya zamani huku mpya imefungwa kwenye ncha yake, kisha unganisha ncha kwa kuzilaza moja juu ya nyingine. Shanga na vifungo vya mapambo kwenye nguo za mtoto ambaye bado hutia kila kitu mdomoni mimi huving'oa kabisa na kudarizi ua mahali pake. Kwa mtoto mkubwa zaidi, kila shanga ifungwe fundo lake, ili uzi ukikatika idondoke moja tu.