Torati kwenye kabati la kioo: imetunzwa au imefungiwa?

Hili swali limenikaa kichwani muda mrefu, kitabu kitakatifu cha watu kikiwekwa kwenye kabati la kioo na wageni wakakata tiketi kukiangalia, hapo dini yao imeheshimiwa au imegeuzwa pambo? Mfano ninaoufuatilia sana ni wa Prague, kule Ucheki.

Makumbusho ya Wayahudi ya pale yalianza 1906, mtaa wao wa zamani ulikuwa unabomolewa pamoja na masinagogi yake kadhaa, watu wakasema jamani tuokoe vyombo vya ibada kabla havijapotea. Halafu vita ikaja. Kuanzia 1942 vitu vya masinagogi ya Bohemia na Moravia, yaani sehemu za Ucheki yenyewe, vikawa vinaletwa Prague chini ya jicho la Wanazi, na waliokuwa wanavipokea, kuvipanga na kuviandikia kadi ni Wayahudi wenyewe, ambao wengi wao nao walikuja kupelekwa kuuawa. Hebu fikiria, unaandika kwenye kadi pazia hili limetoka mji fulani, na watu wa mji huo wameshaondolewa wote, na wewe zamu yako inakuja. Mi nikifika hapo siwezi kuyasema vibaya yale makumbusho. Bila hao watu vitu vingi sana vingeporwa na hakuna ambaye angejua ni vya nani. Na ukiingia sinagogi la Pinkas, ambalo ni sehemu ya makumbusho hayo, unakuta ukutani majina karibu 80,000 ya waliouawa, mgeni asiyejua chochote kuhusu Uyahudi anaanza kusoma jina moja moja na tarehe ya kuzaliwa, hapo anajifunza kitu.

Lakini upande wa pili nao una uzito wake. Torati sio kitu cha kutazama, ni ya kusomwa mbele ya watu. Inaandikwa kwa mkono juu ya ngozi, herufi zaidi ya 304,000, na herufi moja tu ikifutika gombo halisomwi kwenye ibada mpaka litengenezwe. Hata kidole hakigusi maandishi, msomaji anafuata mistari kwa kijiti cha fedha chenye umbo la mkono mdogo. Sasa vile vijiti viko kabatini vimepangwa safu safu na hakuna mstari vinaoufuata. Sisi tuliokua na msahafu nyumbani tunaelewa, ukichakaa hautupwi ovyo, unazikwa au unachomwa kwa adabu, na Wayahudi nao gombo lililochakaa kabisa wanalizika. Lililoko kabatini halisomwi na wala halijazikwa, liko katikati tu.

Ndio maana kilichotokea 1964 kinanigusa. Magombo 1,564 ya Torati, ya yale masinagogi ya Bohemia na Moravia, yalikuwa yamerundikwa kwenye sinagogi moja pembeni ya Prague, serikali ya kikomunisti ikayauza, yakapelekwa sinagogi la Westminster pale London. Mafundi wa kuandika Torati wakayakagua na kuyatengeneza miaka na miaka, halafu yakaanza kuazimwa kwa jumuiya za Wayahudi sehemu nyingi duniani, kuazimwa sio kuuzwa. Yaani mtoto wa miaka 13, umri ambao Wayahudi wanamhesabu ameshakuwa mkubwa kidini, huko Marekani anaweza kusoma kwa mara ya kwanza kwenye gombo la mji ambao hauna tena Myahudi hata mmoja. Kwangu hiyo ndio heshima yenyewe, japo nakubali kwamba yaliondoka kwao, na Mcheki wa kawaida hatayaona.

Kitu kingine kinachonifanya nisiyahukumu makumbusho ni kwamba tangu 1994 yamerudi mikononi mwa Wayahudi wenyewe baada ya kushikwa na serikali tangu 1950. Anayeamua kipi kionyeshwe na kivipi ni mwenye dini, na hilo kwangu lina uzito kuliko kioo chenyewe. Tena hatua chache tu kutoka hapo kuna sinagogi la karne ya 13 ambalo watu wanaswali mpaka leo, anayetoka kuangalia magombo kabatini aende na huko, kwa adabu, aone mlango ambao watu bado wanaingia kwa ajili ya ibada.

Ningekuwa na sauti ningeomba kitu kimoja, chini ya kila gombo lililoko kwenye kioo paandikwe lilisomwa mji gani, na kwa nini sasa hivi halisomwi.