Filamu za habari za zamani: tuzisikilize au tuzizime sauti?

Mwezi Aprili 2014 kampuni ya British Pathé ya Uingereza iliweka kwenye YouTube filamu zake za habari zipatazo 85,000, na Mganda mwenye simu na bando akaweza kuitazama nchi yake ya enzi za ukoloni bila kufunga safari ya London. Kila filamu hizi zinapotajwa katika mazungumzo ya kufundisha historia, hoja mbili hugongana. Wapo wanaotaka zionyeshwe kama zilivyo, pamoja na sauti ya msimulizi wa Kiingereza; wengine wanataka sauti hiyo iondolewe, wasimulie watu wetu. Mimi niko upande wa pili, ingawa si kwa sababu zote zinazotolewa na upande huo.

Ieleweke kwanza jinsi kazi hii ilivyofanyika. Mara nyingi mpiga picha alifika uwanjani na kamera peke yake, bila chombo cha kunasa sauti. Mkanda ulisafirishwa, ukakatwa na kuungwa upya hadi ukawa habari ya dakika mbili tatu, kisha huko huko studioni yakatiwa maneno ya msimulizi, muziki, hata shangwe za umati. Tunachokiona kilikuwa Kampala au Jinja. Tunachokisikia, aghalabu, hakikuwahi kufika huku.

Tarehe 29 Aprili 1954 Malkia Elizabeth wa Pili alifungua bwawa la Owen Falls, ambalo sasa linaitwa Nalubaale. Hapa Walukuba, mtaa wa wafanyakazi wa Jinja ambako Kiswahili ndicho kinachokutanisha makabila, nilimwonyesha jirani yangu mmoja, mzee aliyezaliwa kabla ya bwawa, filamu ya ziara ile kwenye simu yangu. Alisikiliza kidogo kwa adabu, kisha akasema, "Mwanangu, hebu toa hiyo sauti kwanza." Akaisogeza simu karibu na macho, akaniomba niisimamishe picha ilipofika kwa watoto waliopanga mstari kando ya barabara. Kwa ukucha akaonyesha miguu yao mitupu, akanieleza kwamba watoto wa shule walipangwa tangu asubuhi na kwamba jua lilikuwa kali. Halafu akaanza kuyazungumzia maporomoko ya Ripon, ngurumo yake ya usiku, na ukimya ulioingia mjini maji ya bwawa yalipoyafunika. Hakuna msimulizi wa London ambaye angeweza kutueleza habari ya ukimya huo.

Hata hivyo, wanaotaka sauti ya zamani ibaki wana hoja nzito, na sipendi zipuuzwe. Sauti ile nayo ni ushahidi. Mwanafunzi asiyesikia jinsi serikali ya kikoloni na washabiki wake walivyozungumza juu yetu, kwa upole ule wa mlezi na mtoto, atapata shida kuelewa kwa nini Gavana Andrew Cohen aliona ni jambo linalowezekana kumpeleka Kabaka Mutesa wa Pili, mfalme wa Buganda, uhamishoni, Novemba 1953. Mwanahistoria hafuti maneno ya barua kwa sababu mwandishi wake alikuwa na dharau.

Tena, tukishaifuta sauti ile, nani ashike kipaza sauti? Kabaka aliporudi Oktoba 1955, Buganda ilifurika furaha. Lakini mtu wa Bunyoro, ambaye kura ya kurudishiwa Buyaga na Bugangaizi, maeneo ya Bunyoro yaliyokuwa yamewekwa chini ya Buganda, aliingoja hadi 1964, angezisimulia picha hizo hizo kwa moyo mwingine kabisa. Sauti moja ya Kiganda, au sauti moja ya serikali, itatupa upofu wa aina nyingine.

Wala picha yenyewe si malaika. Mwaka 1975, wakati wa mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Kampala, Idi Amin alibebwa kwenye kiti na Wazungu mbele ya kamera. Tukio lilipangwa na yeye mwenyewe, na kamera zikalichukua jinsi alivyotaka. Jumba la Makumbusho la Uganda lilipoonyesha mwaka 2019 baadhi ya picha zilizotokana na hazina ya negativu zipatazo 70,000 za serikali, shida ilikuwa hiyo hiyo: sherehe, hotuba na ukaguzi wa miradi vilionekana, vyumba vya mateso havikuonekana. Kuzima sauti peke yake hakutoshi pale ambapo aliyepanga picha ndiye aliyekuwa akiua.

Ndiyo maana nasisitiza wasimulizi wawe wengi, tena wa hapa. Jambo hili si geni kwetu. Magari ya sinema ya wakati wa ukoloni yalizunguka vijijini na msimulizi mwenyeji mwenye kipaza sauti, na leo kwenye vibanda vya video veejay anaifasiri filamu nzima kwa Kiganda huku watazamaji wakimjibu. Nakala asilia ibaki kamili, bila kuguswa. Wanafunzi waonyeshwe kwanza picha bila sauti, wawasikilize mashahidi wawili watatu wasiokubaliana, kisha ndipo wasikie maneno ya London na kuyapima.

Kikwazo cha haki miliki kipo: kutazama ni bure, lakini kuitumia filamu hiyo katika kazi yako mpya kunahitaji kibali cha kampuni, na kibali kinalipiwa. Kinachonikosesha usingizi zaidi ni umri. Aliyekuwa na miaka 20 usiku ule wa uhuru pale Kololo, Kampala, Oktoba 1962, bendera ya Uingereza ilipoteremshwa, sasa amepita 80. Filamu zimehifadhiwa, zitatungoja. Ushuhuda wa wengi wa wazee hawa haujahifadhiwa. Kuurekodi hakuhitaji kibali cha mtu wa London, na simu ile ile iliyomwonyesha mzee wa Walukuba miguu ya wale watoto inatosha kuanzia.