Serikali Ilivyopewa Nafasi ya Kwanza kwa Muflisi

Mtu akifilisika, wadai hugawana kilichobaki, kila mmoja akiambulia kidogo. Mwaka 1805, katika kesi ya United States v. Fisher, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba serikali haigawani na mtu. Inalipwa kwanza.

Muflisi alikuwa Peter Blight, mfanyabiashara wa Philadelphia. Hakuwa mtoza ushuru. Kosa lake lilikuwa kusaini nyuma ya hundi iliyoishia mikononi mwa serikali. Nasema hundi kwa maana ile ya kale ya wafanyabiashara: karatasi inayopita mkono hadi mkono, na kila aliyeisaini hubanwa isipolipwa. Fisher na wenzake, waliokabidhiwa mali ya Blight kwa niaba ya wadai, walidai kuwa sheria ya 1797, iliyoipa serikali haki ya kulipwa kwanza, kwa jina lake lenyewe ilihusu wapokeaji wa fedha za umma. Mtu wa sokoni anaingiaje humo?

Jaji Mkuu John Marshall akashika kifungu cha tano, kinachotaja ofisa wa mapato "au mtu mwingine" anayedaiwa na serikali. Maneno yakiwa wazi, hakuna cha kutafsiri. Tena, Bunge lina wajibu wa kulipa madeni ya nchi, basi lina uhuru wa kuchagua njia ya kutimiza wajibu huo. Hoja hiyo aliirudia kwa kishindo katika kesi ya McCulloch v. Maryland, 1819.

Kwa usomaji wake simlaumu. Ninayemlaumu ni aliyetunga kifungu. Kwenye kodi naelewa: serikali haimchagui mdaiwa wake. Lakini anayepokea hundi huzitazama sahihi za nyuma na kuamua kama anaziamini. Serikali ilipoikubali ile ya Blight ilikuwa imeingia sokoni kama mimi na wewe, na hasara ya soko ilipaswa kuila pamoja na wengine. Na yule aliyemkopesha Blight mali angejuaje kwamba nyuma yake kuna mdai mkubwa namna hiyo?

Marshall aliacha upenyo mmoja: kipaumbele hicho si rehani, kwa hiyo bidhaa iliyouzwa kwa nia njema kabla ya kufilisika hairudishwi. Aliyenunua akapona. Aliyekopesha na kusubiri kwa subira ndiye aliyebaki mkiani.