Nilichokiona kwenye vikao vya Alexandra

Kila nikirudi Morogoro likizo, siku ya pili haiishi kabla mtu hajaniuliza habari za Bondeni, yaani Afrika Kusini. Wengine huuliza kwa huruma: vipi, hawajakuchoma moto huko? Wengine kwa uchungu: hivi wale si tuliwakomboa sisi, mbona wanatufukuza? La kwanza nalijibu haraka. La pili hunikaa kooni, maana na mimi nimekua nikiamini hivyo hivyo, kwamba Afrika Kusini ilikombolewa kutokea kwetu. Miaka kumi na moja ya kuishi Johannesburg kwa ufundi umeme imenionyesha mengine, na naona yanatuhusu sisi Watanzania pengine kuliko yanavyowahusu wao.

Nianze na haki yetu, nisije nikaonekana naidharau. Nimekulia Kihonda, mwendo wa baiskeli tu hadi Mazimbu. Marehemu baba alikuwa kibarua pale, akibeba matofali wakati ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, wanajenga shule yao kwenye shamba la zamani la mkonge ambalo serikali yetu iliwapa, baada ya vijana kuanza kumiminika nchini kufuatia mauaji ya wanafunzi kule Soweto ya 16 Juni 1976. Shule ile ikapewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. ANC walishafanya mkutano wao mkubwa Morogoro mwaka 1969. Kamati ya Ukombozi ya OAU, umoja wa nchi huru za Afrika, ilikuwa na makao yake Dar es Salaam. Na hata kabla bendera yetu haijapanda, Juni 1959, Nyerere alikuwa London kwenye mkutano ulioanzisha kampeni ya kususia bidhaa za Afrika Kusini. Nchi iliyokuwa haina kitu ilitoa ardhi, ikatoa kauli, ikabeba gharama. Najivunia hilo na nitawafundisha wanangu.

Ila hapa Alexandra, kitongoji cha watu weusi cha Johannesburg, nimepanga chumba kwenye uwanja, yaani kiwanja kimoja chenye vyumba vingi vya wapangaji, wa bibi mmoja ambaye sote tunamwita Gogo, ndiyo bibi kwa Kizulu. Yuko kwenye themanini sasa. Jioni moja umeme umekatika, tumekaa nje, nikamwambia kwa majivuno kidogo kwamba baba yangu alijenga Mazimbu. Akafurahi sana, akanishika mkono. Kisha akaniuliza: "Na unajua mama yangu alitembea?"

Sikujua. Januari 1957 kampuni ya mabasi ilipandisha nauli ya kutoka Alexandra kwenda mjini kutoka peni nne hadi tano. Peni moja tu. Watu wakasema *azikhwelwa*, yaani hayapandwi. Na kweli hayakupandwa. Kwa miezi kama mitatu maelfu ya watu walitembea karibu kilomita kumi na tano kwenda kazini asubuhi, na zile zile kurudi jioni, polisi wakiwasimamisha njiani kukagua pasi, kile kitambulisho ambacho mtu mweusi alilazimishwa kutembea nacho. Mama yake Gogo alikuwa dobi, akifua nguo za Wazungu. Gogo anakumbuka siku moja alimfuata akimsaidia kubeba fungu. Walipotoka nyumbani mama alivua viatu, akavifunga kamba, akavitundika shingoni. Akatembea pekupeku njia yote. Walipofika kwenye geti la bosi wake, akapangusa miguu kwa ncha ya kanga, akavaa viatu, ndipo akabisha. Soli zingeisha kabla ya mgomo kwisha, na viatu vingine vilikuwa havipo.

Mgomo ule ulishinda. Nauli ikarudi peni nne, na serikali iliyokuwa imeapa kutozungumza na wagomaji ikatunga sheria ya kuwatoza waajiri mchango wa usafiri wa wafanyakazi wao. Waliolifanya hilo walikuwa madobi, wapagazi na wafagiaji, wakikutana uwanjani kuamua kama kesho wanatembea tena. Hakuna aliyewaletea maagizo kutoka Dar es Salaam wala Lusaka.

Ndipo nikaanza kusoma na kuuliza, na kila nilikogusa nikakuta kitu kile kile: kikao. Agosti 1983 ilipoundwa UDF, muungano wa kupinga ubaguzi wa rangi, pale Mitchells Plain, Cape Town, ilikusanya mamia ya vikundi vilivyokuwapo tayari, vya makanisa, vya akina mama, vya wanafunzi, vya wapangaji, hata vilabu vya michezo. Huko Cradock mwalimu Matthew Goniwe alipanga mji wake mtaa kwa mtaa, kila mtaa na kamati yake. Juni 1985 yeye na wenzake watatu wakatekwa barabarani na kuuawa. Mwaka huo huo Port Elizabeth watu weusi waliacha kununua kwenye maduka ya Wazungu, mpaka wenye maduka wakaanza kuiambia serikali ikae na watu hao izungumze. Vyama vya wafanyakazi vikaungana kuwa COSATU. Na hapa Alexandra, mwaka 1986, wapangaji wa uwanja mmoja walikuwa na kamati, viwanja vikaunda kamati ya kitalu, vitalu vikaunda ya mtaa, na juu yao kamati kuu iliyoongozwa na Moses Mayekiso wa chama cha mafundi chuma. Walimshtaki kwa uhaini. Mwaka 1989 mahakama ikamwachia.

Gogo alikuwa katibu wa uwanja wake. Daftari alilifukia ndani ya kopo la unga. Nilimwuliza waliandika siri gani humo, nikitegemea kusikia habari za silaha. Akasema: nani kaugua, nani kafukuzwa kazi, nani hajatoa mchango wa mazishi, bomba gani limekauka. Kisha, mstari wa mwisho, nini cha kupeleka kitaluni.

Mstari ule wa mwisho ndio ninaoufikiria kila nikiwaza nyumbani. Maana na sisi tulikuwa na nyumba kumi. Mtu wa umri wangu anamkumbuka balozi wake kwa jina na kwa sauti. Kwa ukubwa, nyumba kumi na uwanja mmoja wa Alexandra hazipishani sana. Balozi alitusuluhisha ugomvi, aliandika barua ya utambulisho, alijua mgeni ameingia kwa nani. Lakini maneno yalitoka juu yakashuka: chama kimeamua, mkoa umesema, wilaya imeagiza, basi balozi anapita na taarifa. Mara ngapi tuliona taarifa ikipanda? Nawauliza kweli, hasa wazee, kwa sababu mimi nilikuwa mtoto.

Ndiyo maana hata mageuzi yetu yalikuja kwa njia ile ile. Tume ya Jaji Nyalali ilipozunguka nchi nzima mwaka 1991, karibu watu wanane katika kila kumi walisema chama kimoja kiendelee. Vyama vingi vikaja hata hivyo mwaka 1992, kwa sababu wakubwa waliona mbele. Walifanya busara, na tumevuka bila kumwaga damu waliyomwaga wenzetu kati ya 1990 na 1994: mauaji ya Boipatong, kuuawa kwa kiongozi Chris Hani, vita vya mabweni ya wafanyakazi. Sitamani hata siku moja ya hiyo kwetu. Lakini kitu ulichopewa hukishiki kama kile ulichokitembelea pekupeku. Wao walipiga kura 27 Aprili 1994, sisi tukapiga ya vyama vingi Oktoba 1995. Mwaka mmoja na nusu tu umetutenganisha, lakini ukiishi pande zote mbili unaona wao wanaidai serikali kama mtu anavyodai chenji yake, na sisi tunaiomba kama tunavyoomba msaada kwa tajiri wa ukoo.

Sasa na upande wa pili nauweka wazi, maana ndugu zangu waliouliza kwa huruma hawakukosea. Mei 2008 mauaji ya wageni yalianzia hapa hapa Alexandra, yakasambaa, yakaua watu zaidi ya sitini. Sikuwapo, lakini baadhi ya majirani zangu walikuwapo, na hawapendi kuyazungumza. Mimi mwenyewe nimeitwa *kwerekwere*, tusi la Mwafrika mgeni, kwenye foleni ya zahanati, mbele ya mwanangu mwenye homa, na hakuna aliyenitetea. Vikao vinavyojua kumpinga mkubwa havijui kila mara kumlinda mgeni. Hilo linaniuma zaidi kwa sababu ya baba na matofali yake.

Tena kuna jambo ambalo sisi tunalo na hatulioni. Mwaka 1962, Mandela akiwa njiani kutafuta msaada, alipita Mbeya, akakuta hotelini watu weusi na weupe wamekaa baraza moja wanaongea. Ameeleza mwenyewe jinsi jambo lile lilivyomgusa. Kwetu ni kitu cha kawaida hata hatukikumbuki. Na si kwamba Waingereza hawakujaribu: Dar es Salaam ilikatwa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na mwaka 1958 walituletea kura tatu, kila mpiga kura achague Mwafrika, Mhindi na Mzungu. TANU walikutana Tabora, wakabishana karibu kuvunjika, wakaamua kuingia kwenye uchaguzi huo na kuushinda mpango ule ukiwa mikononi mwao. Leo Uhindini ni jina tu la mtaa.

Hapa ramani bado inaumiza. Asubuhi napanda teksi, ndiyo kama Hiace zetu, na dakika chache baadaye, upande wa pili wa barabara kuu, niko Sandton. Upande huu vyumba vya mabati vimebanana na choo cha watu ishirini. Upande ule kuta, juu ya ukuta nyaya za umeme, na mimi ndiye nimeitwa kuzitengeneza. Sheria ya mwaka 1950 iliyogawa maeneo kwa rangi ilifutwa 1991, ila wafanyakazi wangu watatu hawajawahi kumgongea jirani Mzungu mlango kuomba chumvi, na Mzungu ninayemfanyia kazi miaka sita hajawahi kuuliza naishi wapi.

Hata hivyo, tarehe 29 Mei 2024 nilimsindikiza Gogo kupiga kura. Alikaa kwenye kiti cha plastiki kwenye foleni, mwavuli juu ya kichwa. Chama kilichomkomboa, ANC, kilipata asilimia 40, kikapoteza wingi wake wa miaka thelathini, kikakubali, kikaenda kuunda serikali na wapinzani. Mitaani hakuna aliyekimbia. Gogo hakuniambia alimpigia nani, na sikumwuliza.

Desemba iliyopita nilikuwa nyumbani, nikahudhuria mkutano wa mtaa wetu. Ilisomwa taarifa ya mapato na matumizi: mchango wa kivuko cha mfereji umekusanywa, kazi imekamilika. Kivuko kilikuwa mbao mbili. Sote tulikivuka kuja pale mkutanoni, na sote tukanyamaza, mimi mwenye maneno mengi nikiwemo. Akasimama mama mmoja muuza vitumbua, mtoto mgongoni, akasema anaomba kuona risiti za saruji. Akaambiwa suala lake limepokelewa. Akauliza litajibiwa lini. Akaambiwa kikao kijacho. Akauliza tarehe. Pakawa kimya kidogo, watu wakitazamana, kisha mzee mmoja nyuma akasema, mtajieni tarehe. Na mwingine, mtajieni.

Wakamtajia. Akaazima kalamu kwa mwanafunzi aliyekaa jirani, akaiandika kiganjani.