Fundi wa gemu wa Chang'ombe na maktaba ya Helsinki

Mbukwenyi ndugu zangu wa Dodoma. Huu ni mwaka wangu wa nane huku Finland, naishi mji wa Tampere, kazi yangu ni ufundi wa majokofu na pampu za joto, na kila nikipiga simu nyumbani lazima mtu aniulize eti huko kwa wazungu teknolojia ikoje, wametuacha mbali sana? Kwenye simu huwa nashindwa kujibu vizuri maana hayo mambo hayaishi kwa dakika tano, sasa leo niko off nimekaa naandika yote.

Nianze na Helsinki. Kuna maktaba pale inaitwa Oodi, ilifunguliwa Desemba 2018, ni ya umma, unaingia bure hata kama we ni mgeni umeshuka jana. Nilienda mara ya kwanza nikitegemea vitabu na ukimya, vitabu vipo kweli, ila kwenye ghorofa ya kati nikakuta cherehani, mashine za kuchapa vitu vya plastiki, na vyumba vya gemu. Vyumba vya gemu ndani ya maktaba, kwa hela ya walipa kodi. Vijana wamekaa na pedi za kuchezea gemu mikononi na hamna mtu anayewafokea. Nilisimama pale mlangoni nikahisi koo linanibana, kwasababu nilimkumbuka fundi wetu wa gemu kule Chang'ombe ya Dodoma.

Waliokulia Chang'ombe miaka ya 2007, 2008 watanielewa. Banda la bati, benchi moja refu, TV mbili za chogo, PlayStation 2 (PS2) mbili, mechi moja shilingi mia na anayefungwa anainuka. PS2 ilitoka Japani mwaka 2000 na mpaka leo ndo mashine ya gemu iliyouzwa kuliko zote duniani, zaidi ya milioni 150, lakini walioitengeneza sidhani kama waliwahi kuliona vumbi la Dodoma la mwezi wa tisa. Lile vumbi linapenya kila mahali, linakaa kwenye lenzi, CD haisomi, watoto kumi wameganda kwenye benchi wanasubiri. Hapo ndo Fundi (tulimwita hivo tu) anatoa bisibisi, anafungua mashine yote mbele yetu, anazungushia pamba kwenye njiti ya kiberiti, anachovya kwenye spiriti, anafuta kile kijicho cha lenzi taratibu kabisa huku kashika pumzi, na sisi wote tumeshika pumzi. Ikigoma tena anaisimamisha mashine kwa ubavu, ikigoma kabisa anaigeuza chini juu, na mara nyingi inasoma. Mimi nilikuwa naacha zamu yangu ya kucheza ipite ili nimuone akifungua.

Sasa kitu kilichonifanya niandike ni gunia. Mwezi wa kumi lile banda ni tanuri, bati linawaka, mashine zinapata moto zinajizima katikati ya mechi. Fundi alichukua gunia la katani akaliloweka maji, akalitundika kwenye dirisha la upande upepo unakotokea, feni akaiweka kwa ndani inavuta hewa ipite kwenye gunia. Kila baada ya muda anatuma mtoto alimwagie kopo la maji. Ndugu zangu, lile banda lilipoa. Mashine zikaacha kujizima. Nilimuuliza kajifunza wapi akasema kaangalia mtungi wa mama yake.

Wiki hiyohiyo mama yangu alinifuata pale na kandambili mkononi, akanitoa mbele ya wenzangu, na mtaa mzima ulikuwa unamwita yule kijana mhuni anayeharibu watoto.

Miaka kumi baadaye niko darasani Tampere, nje kuna baridi la digrii 15 chini ya sifuri, mwalimu anachora mchoro wa jokofu ubaoni anaeleza kwamba kimiminika kikigeuka kuwa mvuke kinachukua joto la kitu kilicho karibu yake. Yani hiyo ndo siri yote. Ndani ya jokofu kuna gesi inayochemka kwenye baridi kali, inachukua joto la chakula, halafu mashine inaibana inarudi kuwa kimiminika na lile joto linatupwa nyuma, ndo maana nyuma ya friji pana moto. Pampu ya joto ninayofunga kwenye nyumba za watu huku ni kitu hichohicho ila imegeuzwa, inachukua joto la nje hata kwenye barafu (lipo, dogo, lakini lipo) inaliingiza sebuleni. Wenzangu wanaandika na mimi naandika ila kichwani naona mtungi wa bibi yangu kule Mvumi, umekaa kwenye kona juu ya mchanga, tumbo lake limelowa kwa nje, kwasababu udongo unapitisha maji kidogokidogo, yanakauka kwa hewa, yanaondoka na joto, maji ya ndani yanabaki baridi mpaka meno yanauma. Na Dodoma hewa ni kavu, ndo maana mtungi wetu unapoza kuliko wa Dar ambako hewa yenyewe imejaa maji, hayakauki haraka.

Hata sauna yao, kile chumba cha moto cha kutolea jasho, ni somo hilohilo. Unakaa kwenye joto la digrii 80 na huungui, kwasababu hewa ni kavu na jasho linakauka linakupoza, lakini mtu akimwagia maji mawe ya moto ule mvuke ukikufika unahisi umechomwa, jasho haliwezi kukauka tena na mvuke unageuka maji kwenye ngozi unakuachia joto lake. Mzee mmoja aliniuliza kama najua kwanini iko hivo, nikamwelezea kwa mtungi, akaelewa vizuri sana.

Kwahiyo mtu akiniuliza kama wametuacha mbali mimi nasema ndiyo, wametuacha, ila sio kwenye akili. Hawa watu walikaa na shida zao wenyewe. Nokia ilianza 1865 kama kiwanda cha karatasi hapahapa Tampere, baadae ndo mambo ya mabuti ya mpira, nyaya, mpaka simu. Ile Nokia 1100 ya mwaka 2003, ya tochi, mnaikumbuka, iliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani, na batani zake zilifunikwa na mpira vumbi lisiingie, yani kuna mtu alikaa akawaza watu wa sehemu kama kwetu. Bibi alikuwa anaiwasha tochi kwenda kufunga mbuzi, mimi nacheza gemu ya nyoka. Nyoka nayo ni ya hukuhuku, aliitengeneza Taneli Armanto mwaka 1997 kwa ajili ya Nokia 6110.

Na gemu kwao hazikuanguka toka mbinguni. Vijana wao miaka ya 80 walikuwa wanakesha kwenye kompyuta za Commodore 64 wakizichokonoa waone zinaweza kufanya nini, kutoa picha na muziki ambao hata aliyeiunda hakutegemea. Unajua mwaka 2020 Finland wameuweka huo mchezo wa vijana kwenye orodha yao rasmi ya urithi wa utamaduni? Wale Rovio, kampuni ya hukuhuku iliyotoa gemu ya Angry Birds 2009, ile ilikuwa gemu yao ya 52. Ya 52! Kwetu kijana akishindwa mara mbili tu tunamwambia akatafute kazi ya maana.

Kuna jambo moja ambalo Chang'ombe tuliwapita na nalisema kwa uchungu maana nina mtoto anakulia huku. Hawana benchi. Kijana wa jirani yangu ana mashine ya bei mbaya, kajifungia chumbani na hedifoni, anacheza na watu wa nchi tatu kwa mpigo na wa mlango wa pili hamjui jina. Sisi ukifungwa ulikuwa unainuka, unamwachia mwenzio nafasi, unabaki umesimama nyuma yake unamfundisha kona zipigwe vipi. Mwanangu namkaribishia watoto wa jengo zima waje kwetu, wanakaa kwenye kochi moja, pedi mbili tu, makusudi.

Wazazi nawaelewa. Mtoto anayetoroka shule lazima afuatwe, na yale mabanda yenye mashine za bonanza za kula sarafu za watoto mimi nayachukia kabisa, yafungwe. Lakini banda ambalo kuna kijana anafungua mashine na watoto wanaangalia, lile ni darasa, na Dodoma ni makao makuu ya nchi, ina chuo kikuu toka 2007, haiwezi kukosa chumba kimoja chenye meza, bisibisi, mashine mbovu za kuchokonoa na mtu mzima wa kuwasimamia. Hata bila mashine za kuchapa plastiki.

Mara ya mwisho nilikuja kwa ile treni ya umeme kutoka Dar, hata masaa manne hayakufika nikawa Dodoma, mama wa karanga akanipa namba nimlipe kwa simu, nikasema kweli mji umebadilika. Nikaenda Chang'ombe moja kwa moja. Banda halipo, pamejengwa fremu za maduka. Niliuliza, wengine wanasema alihamia Manyoni, wengine Singida, hamna mwenye namba yake. Mama yangu mwenyewe, aliyenitoa na kandambili, ndo alizunguka na mimi kuuliza nyumba kwa nyumba.

Kama kuna mtu anamfahamu tafadhali amwambie namtafuta. Nina begi la vifaa vyake, bisibisi za saizi zote na pedi sita. Na amwambie lile gunia lake huku nimelisomea miaka mitatu.