Usimwulize Mjane, Uliza Faili

Mama yangu hahesabu miaka kwa tarakimu. Anahesabu kwa watoto na kwa misiba. "Sokoine anafariki, baba yako alikuwa bado kwenye mawe. Papa alipokuja Songea alikuwa ameshaingia kiwandani, maana kile kitenge alininunulia kwa mshahara wake wa kwanza wa huko." Mimi naandika pembeni: 1984, kokoto. 1990, kiwanda, Iyunga. Hivyo ndivyo nilivyoanza kuijua historia ya ajira ya baba yangu, miezi minne baada ya kumzika.

Baba aliondoka na mapafu. Alimeza dawa za kifua kikuu awamu mbili, makohozi yakipimwa hayaonyeshi kitu, mpaka daktari mmoja kijana akainua picha ya eksirei dirishani na kumwuliza, "Mzee, uliwahi kufanya kazi ya mawe?" Alikuwa wa kwanza kuuliza. Silikosisi ni ugonjwa wa vumbi la mawe lenye silika. Likishazama ndani kabisa ya pafu halitoki tena. Pafu linaota makovu, makovu yanakaza, pumzi inafupika. Dawa ya kuuponya hakuna. Na mwenye nao TB humshika kirahisi kuliko mtu mwingine, ndiyo maana vitu hivi viwili vinachanganywa mahospitalini kila siku.

Tena hauna haraka. Mara nyingi hujitokeza miaka kumi na zaidi tangu mtu aanze kuvuta vumbi, na wakati mwingine kazi yenyewe ameshaiacha zamani. Hapo ndipo familia inayodai fidia inapokwama. Baba alipita mikono mitatu. Ujanani alipasua mawe kwa mkandarasi wa barabara. Kisha akaajiriwa kwenye kiwanda cha shirika la umma. Kilipopunguza watu miaka ya tisini, alikula kiinua mgongo chake kikaisha, akapanda gari la Chunya kwenda kwenye makarasha. Kwa asiyeyajua, karasha ni mashine ya kusaga mawe ya dhahabu mpaka yawe unga, na mengi husaga mawe yakiwa makavu. Anayelisha karasha utamtambua jioni kwa kope zake: nyeupe kama za muuza unga. Mkataba hakuna, kuna ujira wa siku.

Sasa nani alimwua? Wa mawe atasema ni karasha. Wa karasha, ukimpata, atasema mzee alikuja akiwa tayari anakohoa. Na mezani kwa ofisa niliambiwa nilete barua ya ajira, mwaka wa kuanza na mwaka wa kuacha, kwa kila mwajiri. Nilimtazama mama. Mama akatazama sakafu.

Maoni yangu ni haya, na sitayapamba: swali hilo limeelekezwa kwa mtu asiye sahihi. Mjane hakuwahi kushika faili la mumewe. Aliyeshika ni mwajiri, na mwajiri ndiye wa kwanza kupotea. Mkandarasi wetu alimaliza barabara akaondoka na mitambo yake. Kiwanda kiliuzwa, kikauzwa tena, leo ni ghala la mbolea. Nilipomwuliza mlinzi wa getini habari za mafaili ya wafanyakazi wa zamani alicheka kwa heshima, kama mtu anavyocheka swali la mtoto.

Uingereza, ambako asbesto, madini ambayo vumbi lake huharibu mapafu, imeua watu maelfu kwa maelfu, mamlaka ya kodi inazo rekodi za waajiri wa kila mchangiaji wa bima ya taifa tangu 1961, na familia inayodai fidia ya marehemu inaweza kuziomba. Kuna hadi ofisi ya kutafuta kampuni ya bima iliyomkatia bima mwajiri aliyekwisha kufunga. Si kwamba wenzetu ni malaika. Waliona tu kwamba ugonjwa unaishi muda mrefu kuliko kampuni.

Sisi tunacho kitu kinachofanana nacho, na hapa ndipo ningemtuma yeyote aliye katika njia hii kabla ya pengine popote: taarifa ya michango ya hifadhi ya jamii. Mfuko wa NPF ulianza 1964, NSSF ikaurithi 1997. Nenda na cheti cha kifo na barua ya usimamizi wa mirathi. Yetu ilionyesha miaka ya kiwandani. Ya mkandarasi ilionyesha miezi michache tu, halafu kimya, ingawa mama anaapa makato yalikuwepo kila mwezi. Ya karasha, sifuri. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulianza kupokea michango Julai 2015. Vumbi la baba lilikuwa limeshaingia kitambo, enzi ambazo mzigo wa kulipa ulikuwa wa mwajiri mwenyewe. Ndiyo maana jina la mwajiri lilikuwa kila kitu.

Mashirika ya umma yalipouzwa, zilihesabiwa mashine, nyumba, magari mabovu, hadi mapipa. Mafaili ya watu yalihesabiwa na nani? Anayenunua kiwanda angelazimishwa kuyapokea mafaili au kuyakabidhi kwenye Nyaraka za Taifa. Na mfanyakazi akipimwa kifua, siku ya kuingia na siku ya kutoka, nakala ya majibu apewe yeye mkononi, aende nayo kwake.

Kilichotuokoa ni sanduku la chini ya kitanda. Mlikuwa na kadi ya JUWATA, chama cha wafanyakazi cha enzi zile, yenye mhuri wa tawi la kule kwenye kokoto, na picha ya Mei Mosi: wanaume saba nyuma ya bango lenye jina la mkandarasi. Mama aliwataja mmoja mmoja. Marehemu, marehemu, huyu alihamia Kyela akafa, marehemu. Mmoja yu hai, yuko Uyole.

Nilimkuta anaanika maharage. "Ugonile, tata." Akaniitikia, akaitazama picha kwa muda mrefu. Akanisimulia kwamba kila Ijumaa walipewa maziwa, waliambiwa yanasafisha kifua. (Maziwa huenda tumboni, mapafu hayana habari nayo.) Barakoa? Walifunga fulana puani. Mafaili? Aliona kwa macho yake yakifungia karanga sokoni Mwanjelwa, fomu zenye picha za watu.

Alikubali kwenda nami kwa wakili kula kiapo kwamba alifanya kazi na baba. Wakati namsomea rasimu alikuwa akikohoa, anatulia, anakohoa tena. Nilipofika mwisho akavuta kigoda karibu.

"Usifunge daftari, mwanangu. Andika na yangu. Nilianza mwaka ule wa vita ya Kagera."